Shajara ya mradi: saa, logi na ripoti ya tukio katika koperativa ya akiba, Lubumbashi

Saa zote humu ni za Lubumbashi, UTC+2, zimeandikwa kwa tarakimu 24. Kinshasa iko nyuma kwa saa moja, UTC+1. Jambo hili dogo litarudi mara kadhaa, maana ripoti nyingi za matukio huharibikia hapo kabla hazijafika kwa msimamizi, yaani Benki Kuu.

Mradi ni wa kuiandaa koperativa moja ya akiba na mkopo kwa tukio, yaani shambulio au hitilafu ya kompyuta inayosimamisha huduma au kugusa pesa na data za wanachama. Ina ofisi kuu mjini, tawi katika komini ya Kenya (sehemu ya Lubumbashi, si nchi), tawi Likasi, tawi Kasumbalesa. Seva mbili, kompyuta 34, ruta nne, programu moja ya hesabu za wanachama, na kiungo cha kuhamisha pesa kati ya akaunti na pochi za simu. Malengo ni mawili tu. Gishe, yaani madirisha ya makeshia, zirudi kuhudumia ndani ya saa 2, hata kama ni kwa karatasi. Na ripoti ya kwanza itoke ndani ya saa 4 tangu tukio lipewe daraja la "kubwa", bila kuvuka saa 24 tangu lilipoonekana.

Juma la 1. Muda unahesabiwa tangu lini?

Tumelinganisha kanuni za nchi mbalimbali ili tusibuni fomu kutoka hewani. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya DORA (ya uimara wa kidijitali wa taasisi za fedha) inayotumika tangu 17 Januari 2025, unataka taarifa ya kwanza ndani ya saa 4 baada ya tukio kupewa daraja, na si zaidi ya saa 24 tangu taasisi ilipolijua. Ripoti ya kati ndani ya saa 72 baada ya ile ya kwanza. Ya mwisho ndani ya mwezi mmoja baada ya ya kati. Marekani benki zina saa 36, utaratibu uliotakiwa kufuatwa tangu 1 Mei 2022. India, kwa agizo la Aprili 2022, ni saa 6. Benki Kuu ya Kenya, katika mwongozo wake wa 2017, iliweka saa 24 kwa matukio mazito.

Watu hubishana juu ya hizo namba, lakini tofauti yenyewe iko pa kuanzia kuhesabu. Kwa Marekani saa zinaanza benki inapothibitisha kuwa tukio ni la kuripotiwa. Kwa India zinaanza pale lilipoonekana. Taasisi yenye wakuu waoga inaweza kukaa siku tatu "ikithibitisha". Ulaya wameziba mwanya huo kwa ile saa 24 ya juu, na ndiyo sababu tumeazima mtindo wao.

Fomu yetu ina nyakati tatu: T0, tukio lilipoanza (kwa makadirio, na iandikwe kuwa ni makadirio), T1, mtu wa kwanza alipoona kitu, hata kama ni keshia na hata kama hakuelewa anachokiona, T2, daraja lilipotolewa. Kati ya T1 na T2 zisipite saa 3. Zikipita, tukio linahesabiwa kubwa lenyewe, bila kumsubiri mkurugenzi.

Wapokeaji: Benki Kuu ya Kongo kama msimamizi; CENAREF, chombo cha taifa cha taarifa za fedha, kwa miamala ya shaka, chini ya Sheria Na. 22/068 ya 27 Desemba 2022. Mwendesha mashtaka kukiwa na jinai, na hapo Kanuni ya Dijitali, yaani Amri-sheria Na. 23/010 ya 13 Machi 2023, ndiyo ya kushika. Hizi ni barua tatu tofauti. Kuandika moja na kuituma kote kunampa kila mmoja nusu ya anachohitaji, na kunasambaza majina ya wanachama mahali yasipotakiwa.

Juma la 2. Saa za mashine

Ukaguzi umekuta kompyuta ya gishe Kasumbalesa iko nyuma kwa dakika 11, seva ya nakala iko mbele kwa dakika 4, na mashine mbili za Likasi zinaamini kuwa ni mwezi wa kwanza wa mwaka wa zamani sana. Hizo mbili sababu yake ni betri ya CR2032, ile ya mviringo ya volti 3 juu ya ubao mkuu. Ikifa, saa huishi kwa umeme wa ukutani tu. Umeme ukikatika, mashine inarudi kwenye tarehe ya kiwandani.

Hapo mambo yanafuatana hivi. Tarehe ikiwa ya zamani, vyeti vya usalama vinakataliwa na programu haifunguki. Keshia, ambaye ana foleni mbele yake, anaweka tarehe kwa mkono na kukadiria saa kwa simu yake. Simu nayo pengine imeachwa kwenye saa ya Kinshasa. Toka hapo kila muamala wa asubuhi hiyo umebeba saa ya uongo, na hakuna aliyefanya kosa la makusudi.

Windows haijirekebishi yenyewe katika hali hiyo. Kwa mashine isiyo ndani ya domeni (kundi la mashine zinazoongozwa na seva moja), huduma ya saa inakataa kusahihisha tofauti inayozidi sekunde 54,000, yaani saa 15. Mafundi wengi huweka anwani ya seva ya saa, wanaondoka wakidhani wamemaliza, na mashine inaendelea kuishi mwaka wake. Utaratibu tuliofuata:

Badili betri kwanza. Weka tarehe sahihi kwa mkono, na eneo la saa liwe UTC+2. Kisha `w32tm /config /manualpeerlist:"anwani ya seva ya ofisi kuu" /syncfromflags:manual /update`, halafu `w32tm /resync`. Hakiki kwa `w32tm /query /status`. Mstari wa chanzo usomeke seva yetu. Ukisoma "Local CMOS Clock", mashine bado inajisikiliza yenyewe: angalia kama ruta ya tawi inapitisha UDP 123, njia ambayo saa hupitia mtandaoni.

Seva ya ofisi kuu inachukua saa kwenye vyanzo vinne vya nje. Ukiwa na viwili vinavyotofautiana huwezi kujua ni kipi kinachodanganya. Vitatu vinatosha hadi kimoja kipotee. Vinne ndiyo salama. Matawi hayaendi nje, yanachukua kwa ofisi kuu. Hata kiungo cha intaneti kikikatika, matawi yote yatabaki na saa moja kati yao, na kwa uchunguzi hilo ni muhimu kuliko kulingana na dunia.

Betri zimebadilishwa kwenye kompyuta zote 34, hata zile ambazo hazijaonyesha tatizo.

Juma la 3. Logi

Logi ni daftari ambalo mashine hujiandikia yanayotokea ndani yake. Ile ya usalama ya Windows ina ukubwa wa MB 20 kwa kawaida, na ikijaa inafuta ya zamani. Kwenye seva yenye kazi hiyo ni siku chache. Mtu akiishambulia kwa kujaribu maneno ya siri mfululizo, ni saa chache tu, na ushahidi wa alivyoingia unafutwa na kelele zake mwenyewe. Imepandishwa hadi GB 1: `wevtutil sl Security /ms:1073741824`. Nakala ya kila logi inapelekwa kwenye mashine ya pembeni isiyo na akaunti inayofanana na ya seva, na inahifadhiwa siku 180.

Hatujaribu kusoma kila kitu. Windows huipa kila aina ya tukio namba, na zinazopiga kengele ni chache: 4625 zikiwa nyingi kwa muda mfupi (kuingia kumeshindikana), 4720 (akaunti mpya imeundwa), 4732 (mtu ameongezwa kwenye kundi la mashine, hasa la wasimamizi), 7045 (huduma mpya imewekwa), 1102 (logi ya usalama imefutwa). Ya mwisho haina maelezo ya heri. Ikionekana usiku, afisa wa zamu anaamshwa.

Kikwazo kikubwa hakikuwa cha ufundi. Gishe nyingi zilikuwa na akaunti moja ya "keshia" inayotumiwa na watu watatu, neno la siri limeandikwa chini ya kibodi. Logi inasema kwa uaminifu kabisa kuwa "keshia" aliingia saa 12:47. Ni nani, haijui. Sasa kila mtu ana akaunti yake, na skrini inajifunga baada ya dakika 3. Malalamiko yamekuja kutoka kila tawi. Dakika 3 zimebaki, ila tumekubali namba ya siri fupi ya kufungulia skrini, maana neno refu lililoandikwa kwenye karatasi halimlindi mtu.

Juma la 4 na la 5. Nakala

Nakala tatu za data, aina mbili za hifadhi, moja nje ya jengo: kanuni ya kawaida. Sisi tunaongeza sharti kwamba moja iwe imechomolewa kabisa, bila waya wala akaunti inayoweza kuifikia. Programu za kufunga data kwa fidia huanza kwa kutafuta nakala na kuzifuta.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Maersk, kampuni ya meli za mizigo. Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu ya NotPetya iliharibu seva zao za domeni duniani kote. Iliyopona ilikuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na mashine haikuwa mtandaoni. Kiungo cha Ghana kilikuwa chembamba mno kwa kutuma data hizo, diski ikabebwa kwa mkono hadi Uingereza. Sisi hapa kukatika kwa umeme tunakujua. Tofauti ni kwamba diski yetu tunaizima kwa makusudi.

Hesabu ya barabara na waya: hifadhidata ya wanachama ni GB 60, kiungo cha intaneti cha Kasumbalesa ni megabiti 4 kwa sekunde. GB 60 ni megabiti 480,000. Gawa kwa 4, ni sekunde 120,000, zaidi ya saa 33, tena bila kukatika hata mara moja. Gari linafika mchana huohuo. Kwa hiyo nakala kamili inasafiri kwa diski iliyosimbwa, ndani ya bahasha yenye lakiri, na waya unabeba mabadiliko ya siku tu. Diski ni tatu kwa zamu: moja inaandikwa, moja njiani, moja kwenye kasha la chuma la Likasi. Ufunguo wa usimbaji hausafiri na diski. Umeandikwa kwenye karatasi mbili, kwa watu wawili, nusu kwa nusu.

Jaribio la kurejesha kwenye mashine tupu: data zimerudi zote, jumla ya salio imelingana hadi senti, na bado gishe haikuweza kufunguliwa. Vilivyokosekana ni faili la leseni ya programu, violezo vya kuchapisha stakabadhi, na kiendeshi cha printa ya zamani ambacho hakipatikani tena kwa mtengenezaji. Vyote vitatu havifiki MB 200 na havikuwa kwenye mpango wa nakala, kwa sababu mpango uliandikwa na mtu wa hifadhidata. Sasa kipimo cha nakala nzuri ni kimoja: stakabadhi imetoka kwenye printa, na keshia ameikubali.

Akaunti inayoandika nakala imetenganishwa na ya msimamizi wa seva. Aliyeiba moja asiipate nyingine.

Juma la 6. Gishe kwa karatasi

Saa 2 za kurudi kazini hazitimizwi kwa kompyuta, zinatimizwa kwa daftari. Kila jioni saa 17:30 kila tawi linachapisha orodha ya salio za wanachama wake, inafungwa kwenye kasha, na ya jana inachanwa mbele ya watu wawili. Ni karatasi nyingi na ni siri nyingi. Hatujapata njia iliyo bora.

Hatari ya karatasi ni mwanachama kutoa salio lilelile mara mbili: asubuhi Lubumbashi, mchana Kasumbalesa, ambako wafanyabiashara wa mpakani huwa hawana subira. Wakati wa karatasi, basi, mwanachama anahudumiwa na tawi lake tu, na kuna kikomo cha kutoa, kilekile kwa franga au kwa dola kwa kiwango cha asubuhi hiyo. Stakabadhi zina namba mfululizo na nakala ya kaboni. Mfumo ukirudi, mtu mmoja anaingiza, wa pili anasoma namba kwa sauti, na gishe hazifunguliwi hadi stakabadhi ya mwisho iingie. Kishawishi cha kufungua mapema ni kikubwa foleni ikiwa ndefu, na ndicho kinacholeta salio hasi.

Kiungo cha pochi za simu kinazimwa kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Pesa ikishaingia kwenye pochi, wakala anaitoa kwa noti ndani ya dakika. Kuzima ni hatua mbili: kufuta ufunguo wa kiungo upande wetu, na kumpigia simu mshirika azuie upande wake. Hatua moja peke yake haitoshi. Mwizi mwenye nakala ya ufunguo hapitii kwenye seva yetu.

Juma la 7. Daraja, karatasi ya simu, maneno ya kwanza

Ulaya tukio linahesabiwa kubwa likigusa huduma muhimu na kuvuka vipimo fulani, kama asilimia 10 ya wateja wa huduma hiyo au huduma muhimu kusimama zaidi ya saa 2. Tumebakiza hizo mbili. Kile cha hasara ya yuro 100,000 hakina maana kwa koperativa ya ukubwa huu. Hapa pesa yoyote iliyohama bila amri ya mwanachama ni tukio kubwa, hata ikiwa franga elfu kumi, kwa sababu wizi wa majaribio huwa mdogo. Data za wanachama kutoka nje pia ni kubwa moja kwa moja.

Tukio si lazima liwe la mshambuliaji. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha takriban kompyuta milioni 8.5 za Windows. Tarehe 14 Machi 2024 nyaya za baharini WACS, MainOne, ACE na SAT-3 zilikatika karibu na Abidjan. Mwanachama aliyesimama kwenye gishe haoni tofauti, na fomu nayo isisubiri kuijua.

Ripoti ya kwanza ina sehemu ya "chanzo", na tumeamua iruhusiwe kubaki tupu. Wakubwa hupenda kuijaza. Ukiandika "virusi" saa ya tatu, halafu saa ya ishirini ukakuta ni mfanyakazi wa ndani, kila ripoti inayofuata itasomwa kwa shaka. Ijazwe inayojulikana: nini kimesimama, matawi gani, kiasi gani kwa franga na kwa dola kila moja kwenye safu yake, kimefanywa nini, ripoti ijayo itatoka saa ngapi. Kila saa iandikwe na "+2" pembeni. Daftari la zamu linaandikwa Kiswahili, papo hapo, kwa kalamu, bila kufuta. Ripoti ya Kifaransa kwa Benki Kuu inatolewa humo.

Orodha ya simu iko kwenye karatasi iliyogandishwa kwa plastiki, nakala moja kila kasha, na simu ya vitufe yenye laini za mitandao miwili inakaa chaji. Maelekezo kwa gishe yamefupishwa hadi yasomeke kwa pumzi moja. Afisa wa zamu anasema:

"Mama, chomoa waya wa bluu nyuma ya mashine. Mashine yenyewe uiache iwake. Usibonyeze kitu. Piga picha ya skrini kwa simu yako, kisha nipigie tena. Piga, usiandike WhatsApp."

Waya wa bluu ni wa mtandao. Kuacha mashine iwake kunalinda kilicho kwenye kumbukumbu ya muda, ambacho hupotea ikizimwa. Ila ikionekana mafaili yanabadilika majina mbele ya macho na waya hauchomoki, zima. Kasumbalesa, penye mashine mbili zisizo na betri ya akiba ya umeme (UPS), umeme unaweza kuamua kabla yetu.

Jambo moja halipo kwenye mwongozo wowote wa kigeni tuliousoma. Keshia hukatwa mshahara kwa upungufu wa kasha. Akiona muamala wa ajabu, hesabu ya haraka kichwani mwake ni kwamba kunyamaza kuna nafuu. Kamati ya uongozi imepitisha kwa maandishi: anayeripoti ndani ya saa moja tangu aone hakatwi hadi uchunguzi uishe. Bila hilo T1 itakuwa ya kubuni daima.

Juma la 8. Zoezi

Limefanyika Ijumaa saa 15:40, kwa makusudi. Wizi katika Benki Kuu ya Bangladesh wa Februari 2016 ulipangwa juu ya kalenda: Dhaka hupumzika Ijumaa na Jumamosi, New York, ilikokuwa akaunti yake, Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu ile Manila walikuwa na sikukuu. Maagizo 35 yalitumwa, ya takriban dola milioni 951. Dola milioni 81 ziliishia Ufilipino. Printa ambayo ingetoa taarifa ilikuwa haifanyi kazi, na kwa saa za mwanzo ilichukuliwa kuwa ni printa tu iliyoharibika.

Kisa cha zoezi: akaunti mpya ya msimamizi usiku wa jana, uhamisho mdogo mara tatu kwenda pochi za simu, kisha mafaili ya tawi la Kenya kufungwa.

Yaliyokwenda vizuri ni machache na yanatosha mstari mmoja: kengele ya 4720 ililia, saa za mashine zote zililingana, karatasi zilianza kutumika ndani ya saa 2.

Yaliyokwama. Kundi la WhatsApp la dharura lilikuwa na mfanyakazi aliyeacha kazi, na namba yake ingali hai. Fundi wa tawi, kwa nia njema, alitaka kuweka Windows upya mara moja. Alizuiwa, lakini kwenye tukio la kweli angekuwa ameshafuta kila kitu, kwa hiyo diski mpya tupu zinapelekwa kila tawi: ya zamani inachomolewa na kuwekwa kwenye bahasha, fundi anafanya kazi kwenye mpya. Mshirika wa pochi za simu alijibu kwenye namba ya mauzo. Namba ya usiku haikupokelewa. Rasimu ya Kifaransa ilichukua dakika 50, nyingi zikitumika kubishana kuhusu sehemu ya "chanzo", na nyakati mbili kati ya nne zilizotajwa humo zilikuwa zimebadilishwa kuwa za Kinshasa bila kuandikwa hivyo.

Zilizobaki wazi

Fomu ya toleo la 3: "UTC+2" ichapishwe tayari ndani ya kila kisanduku cha saa. Makubaliano ya maandishi na mshirika wa pochi juu ya namba ya usiku na muda wa juu wa kuzuia kiungo. Betri za akiba mbili za Kasumbalesa. Orodha ya kundi la dharura ikaguliwe kila siku ya mishahara, pamoja na akaunti za walioondoka. Zoezi la pili lifanyike mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia na foleni ikiwa mlangoni, na safari hii Likasi, ambako kasha la diski halijafunguliwa hata mara moja na mtu asiye mkuu wa tawi.